Mja Mzito Asiisahau Shingo Yake

Mwanamke wa mjini akishika mimba hakosi washauri. Mama mkwe humwambia asinyanyue ndoo ya maji. Jirani humkataza mayai, eti mtoto atakuwa mkubwa mno na kumtesa wakati wa kujifungua. Mwenzake wa kazini humhimiza anunue vitamini za bei ghali. Kila ajaye hulitazama tumbo. Je, ni nani aitazamaye shingo?

Huenda ukacheka na kuuliza, shingo na mimba ni wapi na wapi? Hebu vuta kiti tuzungumze. Jambo hili limewahi kubisha hodi katika jamaa yangu, na tangu siku hiyo sioni mja mzito nikakosa kumuuliza habari za shingo yake.

Mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, pana tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Madaktari huiita thairoidi. Wengi wetu huitambua inapovimba tu, nasi husema fulani ana rovu. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoongoza mwendo wa mwili mzima: moyo upige kwa kasi gani, chakula kitumiwe upesi au polepole, mwili upate joto kiasi gani. Homoni hizo zikipungua, mtu huchoka bila sababu, huhisi baridi wenzake wakitokwa na jasho, hufunga choo, nywele humkatika na uzito humwongezeka. Zikizidi, hukonda ingawa anakula vizuri, moyo humwenda mbio, mikono humtetemeka na usingizi humpaa.

Sasa mfikirie mtoto aliye tumboni. Naye huihitaji homoni hiyo, tena huihitaji kabla hajaweza kujitengenezea. Tezi yake huanza kazi karibu na wiki ya 12, na hata hapo huwa ingali changa mpaka mimba ifike katikati. Katika majuma hayo ya mwanzo, wakati ubongo unapoanza kuumbika, tegemeo lake ni mama peke yake. Kwa hiyo tezi ya mama hulazimika kufanya kazi ya watu wawili. Huhitajika kuongeza homoni hadi karibu nusu zaidi ya kiwango chake cha kawaida. Tezi yenye afya hulimudu jambo hilo bila mwenyewe kujua. Tezi dhaifu hushindwa, na mwenyewe asijue vilevile, kwa sababu uchovu na kufunga choo ni mambo ambayo kila mja mzito ameambiwa ayatarajie.

Ni wanawake wangapi hapa kwetu wanaokwenda kliniki kabla ya wiki ya 12? Wengi hungoja tumbo lionekane. Wengine huificha mimba kwa kuogopa kijicho. Wengine wana kazi za vibarua, na siku ya kliniki ni siku isiyo na mshahara. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mja mzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara nane, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Anayeanza katika mwezi wa tano huwa amechelewa kwa mambo kadhaa, na hili la tezi ni mojawapo.

Nilianza kuyafuatilia haya kwa sababu ya wifi yangu, mke wa kakangu mdogo. Miaka miwili kabla hajashika mimba, alipimwa akapatikana kuwa tezi yake imezembea. Akaandikiwa tembe za homoni, ameze moja kila asubuhi. Alizimeza kwa uaminifu na afya ikamrudia. Mimba ilipoingia, akaziacha.

Hakumwambia mtu ila mimi, nami aliniambia kama anayesimulia ushujaa. "Wifi, mtoto hataki kemikali," alisema. Badala ya tembe alikuwa amenunua chupa ya vitamini D kutoka duka fulani la mtaani, ambako muuzaji alimhakikishia kwamba vitamini hiyo ndiyo inayotibu tezi. Wakati huo mimba ilikuwa ya wiki saba.

Nilimuuliza ni daktari gani aliyemwambia aache dawa. Akasema hakuna, ila yeye mwenyewe anajua mimba haipatani na dawa. Nikamsihi twende hospitali kesho yake. Akakataa. Nikamwendea kakangu, naye akanijibu kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Tukanuniana siku tatu. Siku ya nne wifi yangu alinipigia simu mwenyewe. Alikuwa ameshindwa kupanda ngazi hadi nyumbani kwake, ghorofa ya tatu, bila kuketi njiani mara mbili. "Njoo unipeleke," akasema.

Daktari aliyetupokea, mama wa makamo, hakumkemea. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia: "Mwanangu, hiyo tembe si kemikali ngeni. Ni homoni ile ile ambayo shingo yako ingeitengeneza kama ingekuwa na nguvu. Ukiiacha, unamnyima mtoto kitu ambacho hana pengine pa kukipata."

Damu ilipimwa, na majibu yakaonyesha kwamba tezi ilikuwa imelemewa kweli. Akarudishiwa tembe zake, tena kipimo kikaongezwa, kwa maana sasa walikuwa wawili. Akawa anapimwa kila baada ya wiki nne hivi mpaka mimba ilipofika katikati. Alijifungua salama mtoto wa kike, ambaye leo ana miaka mitatu na haachi kuuliza maswali.

Je, hatari yenyewe ni ya kweli, au ni vitisho vya madaktari? Mwaka 1999 daktari James Haddow na wenzake wa jimbo la Maine, Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Waliwapima akili watoto wa miaka saba hadi tisa. Watoto ambao mama zao walikuwa na upungufu wa homoni ya tezi wakati wa mimba na hawakutibiwa, walipata kwa wastani alama 7 chini ya wenzao. Alama saba si wazimu, lakini mzazi yeyote aliyewahi kukaa na mtoto usiku akihangaika na hesabu anajua kwamba si kidogo.

Ni haki pia nikueleze upande wa pili. Mwaka 2012 uchunguzi mkubwa zaidi, uliowahusisha wanawake zaidi ya 21,000 wa Uingereza na Italia, ulitangazwa. Wale walioonekana kuwa na upungufu, ambao kwa wengi ulikuwa mdogo, walitibiwa wakiwa wajawazito. Watoto walipopimwa wakiwa na miaka mitatu, hapakuonekana tofauti kati yao na wale ambao mama zao hawakutibiwa. Baadhi ya wataalamu wakasema tiba ilianza ikiwa imechelewa, karibu na wiki ya 13. Ubishi huo haujaisha. Lakini unahusu zaidi upungufu mdogo usio na dalili. Kuhusu upungufu mkubwa hakuna ubishi: hutibiwa, tena upesi, maana unaweza kuleta kuharibika kwa mimba, shinikizo la damu na kujifungua kabla ya wakati.

Na ile chupa ya vitamini D je? Vitamini hiyo ina heshima yake, wala sikusudii kuivunja. Mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwatibu watoto wenye matege kwa kuwaweka mbele ya taa yenye mionzi kama ya jua. Mwaka 1922 mtaalamu Elmer McCollum wa Marekani aliipa vitamini hiyo jina lake la D. Watoto wa miji ya Ulaya iliyojaa moshi wa viwanda walikuwa wakipindika miguu kwa kukosa jua. Ngozi yetu ikipigwa na jua huitengeneza vitamini hii yenyewe, nayo huusaidia mwili kutumia madini ya chokaa kujenga mifupa. Mja mzito anaihitaji, na mtoto wake anaihitaji.

Utasema, Kenya inapitiwa na ikweta, jua ni la bwerere mwaka mzima, nani atalikosa? Tazama basi maisha ya mjini. Mama hutoka nyumbani alfajiri kungali giza, huingia kwenye matatu, hushinda ofisini, kiwandani au ndani ya duka, kisha hurudi jua limekwisha kutua. Mionzi inayofanya kazi hiyo haipiti kwenye kioo cha dirisha, kwa hiyo kuketi karibu na dirisha la ofisi hakusaidii. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe. Huko Pipeline na Umoja majumba ya ghorofa yamebanana hata nguo hukauka kwa taabu, seuze mtoto kuota jua. Ndiyo sababu madaktari wa watoto hapa Nairobi wangali wanawaona watoto wenye matege.

Uhusiano wa vitamini hii na tezi umechunguzwa sana. Upo ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kuishambulia tezi ya mwenyewe, mfano wa askari wa zamu anayempiga bwana wake. Unaitwa Hashimoto, kwa jina la daktari Hakaru Hashimoto wa Japani aliyeueleza mwaka 1912. Imeonekana mara nyingi kwamba wenye ugonjwa huo wana vitamini D kidogo mwilini. Lakini je, upungufu ndio ulioleta ugonjwa, au mgonjwa aliyechoka hushinda ndani na kulikosa jua? Kuku na yai, kipi kilitangulia?

Mwaka 2022 watafiti wa Boston, Marekani, walitangaza kwamba watu wazima waliomeza vitamini D kwa miaka mitano walipata magonjwa ya aina hiyo, ya kinga kuushambulia mwili, pungufu kwa asilimia 22 kuliko wale waliomeza tembe tupu. Hiyo ni habari njema. Lakini wanaume waliohusika walikuwa wa miaka 50 na zaidi, na wanawake wa miaka 55 na zaidi. Hakuna aliyekuwa mja mzito. Kwa waja wazito, tafiti zinapingana: nyingine zaona uhusiano, nyingine hazioni kitu.

Hata mashirika makubwa hayakubaliani. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema si lazima kila mja mzito apewe vitamini D, ila anayeshukiwa kuwa na upungufu anaweza kupewa vipimo 200 vya kimataifa kwa siku. Mwaka 2024 chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani kiliwashauri waja wazito waimeze, lakini kikasema hakuna haja ya kila mmoja kupimwa damu kwanza. Pamoja na kutofautiana huko, hakuna hata mmoja kati yao aliyesema kwamba vitamini D ni badala ya homoni ya tezi. Huko ndiko alikopotoshwa wifi yangu. Isitoshe, wataalamu husema mtu mzima asizidishe vipimo 4,000 kwa siku bila daktari, maana ikizidi mwilini huongeza madini ya chokaa katika damu na kuyadhuru mafigo. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa kabla hujafungua mfuniko.

Kama unataka kuisaidia tezi kwa chakula, kinachotangulia ni iodini. Hiyo ndiyo malighafi ya homoni yenyewe. Mtu mzima huhitaji maikrogramu 150 kwa siku, na mja mzito 250. Zamani katika nyanda zetu za juu, ambako mvua za miaka na mikaka zimeifua iodini kutoka ardhini, rovu lilikuwa jambo la kawaida. Shangazi ya babangu alikuwa nalo, kubwa kama yai la bata, nasi watoto tulidhani ni la ukoo kama ilivyo pua. Tangu miaka ya 1970 Kenya ilianza kutia iodini katika chumvi, nayo chumvi hiyo hutoka zaidi katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, kaskazini mwa Malindi. Kazi iliyofanywa na pakiti ile ya shilingi chache ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Lakini mjini tuna mtindo wa kuimimina chumvi katika bakuli wazi na kuiweka karibu na jiko, au dirishani. Joto, unyevu na jua huipunguza iodini. Hivyo jua linalomfaa mama haliifai chumvi yake. Ifunike vizuri, uiweke mahali pakavu, na uitie chunguni chakula kikikaribia kuiva. Wala usizidishe chumvi kwa ajili ya iodini, usije ukajitafutia shinikizo la damu. Samaki wa baharini, maziwa na mayai huongezea. Naam, mayai yale yale unayokatazwa na jirani. Na kuhusu sukuma wiki, ambayo wengine wanaisema kwamba huleta rovu, kula bila hofu maadamu chumvi yako ina iodini.

Kuna jambo jingine dogo ambalo huwapotea wengi. Kliniki zetu huwapa waja wazito tembe za kuongeza damu. Ni nzuri na zimeze. Lakini kama unatumia tembe za homoni ya tezi, usizimeze zote kwa pamoja, kwa sababu madini ya chuma huizuia homoni kuingia mwilini. Madini ya chokaa nayo hufanya vivyo hivyo. Meza homoni asubuhi na maji matupu kabla ya kula, kisha tembe za damu zingoje angalau saa nne. Wifi yangu alimeza ya shingo alfajiri na ya damu baada ya chakula cha jioni, na hakukosea hata siku moja, kwa maana alizibandika saa hizo juu ya mlango wa kabati.

Je, kila mja mzito apimwe tezi? Kipimo hicho hakimo katika orodha ya kawaida ya kliniki, kama kilivyo kipimo cha damu, cha mkojo au cha virusi vya Ukimwi. Hata nje hawajakubaliana kwamba kila mtu apimwe. Lakini wapo ambao hawafai kuondoka kliniki bila kuuliza. Nao ni aliyewahi kuugua tezi au kufanyiwa upasuaji wa shingo, mwenye rovu, ambaye mama au dada yake ana ugonjwa huo, mwenye kisukari cha utotoni, aliyeharibikiwa na mimba au aliyekawia kupata mtoto, na mwenye umri unaozidi miaka 30. Ukiwa mmoja wao, sema. Muuguzi ana foleni ndefu na hawezi kuyajua ya ukoo wenu usipomwambia.

Na majibu yakitoka, usijisomee ukatishika. Homoni za mimba huichochea tezi katika miezi mitatu ya kwanza, hasa kwa mama anayetapika sana, na tarakimu hubadilika hata kwa aliye mzima. Anayestahili kuzisoma ni daktari anayejua kwamba una mimba, tena ya wiki ngapi. Mwambie pia vitamini zote unazotumia, zikiwemo zile ulizonunua kimyakimya.

Neno kwa kina baba. Hayo si mambo ya wanawake. Kakangu alikuja kuelewa hivyo alipoketi mbele ya daktari na kuambiwa kwamba majuma ya kwanza hayarudi. Kumbusha tembe, bebeni gharama pamoja, na Jumapili mtoe mama nje mkatembee juani.

Nawe dada wa chuo unayesoma ukurasa huu ukidhani haukuhusu, huenda uko mbali na kulea, lakini shingo unayo tayari. Kama hujielewi kwa uchovu, au rovu limeanza kuchungulia, pimwa sasa. Ni rahisi zaidi kuitengeneza tezi kabla ya mimba kuliko kukimbizana nayo baadaye. Na ukishagundulika, dawa yako isiachwe kwa neno la muuzaji wala la jirani.

Basi, msomaji, siku ukikosa siku zako na kipimo kikathibitisha, usingoje tumbo lijitokeze ndipo uende kliniki. Chukua kile kijitabu cha mama na mtoto mapema, na muuguzi akimaliza kukupima shinikizo la damu, muulize, "Na shingo yangu je?" Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu ni wa wiki 12 tu.